Mgeni Rasmi wa Saa ya Hadithi

Mwezi wa tatu tangu Baba afike Bowie, huku ughaibuni, aliacha kula. Alianza na uji wa asubuhi, akasema mzito. Kisha ukafuata wali. Mwishowe akawa anakunywa chai ya rangi tu na kurudi chumbani, akivuta mlango polepole bila kuubamiza. Angeubamiza ningefurahi. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Singida, mtu aliyeweza kunyamazisha uwanja mzima kwa kukohoa. Sasa alikaa kitandani katika nyumba ya dada yangu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akiangalia nyasi za jirani ambaye hatukuwahi kumwona.

Dada ndiye aliyekwenda kumzika Mama, na ndiye aliyerudi na Baba. Mimi sikwenda, nilikuwa na mitihani ya mwisho chuoni. Nilipata digrii ya falsafa, sikupata kazi, nikapewa zamu ya kumwangalia Baba mchana.

"Nampa mpaka mwisho wa mwezi," dada aliniambia asubuhi moja akivaa viatu vya kazini. "Asipokula, anarudi. Siwezi kuja kumkuta amekufa ndani ya nyumba yangu na mimi ndiye nesi."

"Anarudi kwa nani? Nyumba imefungwa. Nani atampikia?"

"Wewe kuuliza unajua sana. Majibu je?"

Nilichokuwa nacho ni karatasi ya maktaba ya umma, ile ya programu zijazo, inayoletwa na posta kila mwezi. Siku nyingine ningeicheka. Ilinishangaza jinsi watu wa nchi hii wanavyoamini kwamba kila upweke una chumba chake na saa yake: watoto wachanga na nyimbo, Jumatano saa nne, kompyuta kwa wasioijua, mazungumzo ya Kiingereza kwa wageni, kufuma sweta, wazee kusoma magazeti pamoja. Mwezi ule niliisoma kama mgonjwa anavyosoma maandishi ya chupa ya dawa. Nikagonga mlango wa Baba.

"Shikamoo, Baba. Maktaba wana kikundi cha wazee, wanasoma magazeti Jumanne."

"Marahaba. Nani ameniita?"

"Imeandikwa wote mnakaribishwa."

"Wote si mtu, mwanangu. Ukiwaita wote hujamwita yeyote."

"Basi kompyuta. Utajifunza kuandika barua pepe."

"Nimwandikie nani?"

Nikataja kufuma. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

Nilikasirika. Ni kiburi gani hiki cha mtu kufa njaa kwa kusubiri kadi? Lakini hasira haikuniondolea hofu. Sahani za mchana zilikuwa zinarudi jikoni kama nilivyozipeleka, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Siku ya tatu nikakaa mezani nikaandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili cha ofisini, pale juu YAH: MWALIKO, kwamba uongozi wa maktaba unayo heshima kumwalika katika Saa ya Hadithi ya watoto, Jumamosi saa nne asubuhi. Ningemwambia wameniomba niitafsiri. Nilipoisoma nikaona kasoro moja ambayo Baba asingeivumilia. Haikuwa na mhuri.

Nikaenda maktaba. Mkutubi wa watoto, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa akigonga mhuri wa maktaba kwenye vitabu vipya. Nikamwomba agonge na barua yangu, nikasema ni ya kumfurahisha baba yangu. Hakujua neno hata moja lililoandikwa pale. Akagonga kwa bidii, akaniambia nimfikishie salamu zake.

Baba aliisoma barua amesimama. Akaipeleka dirishani, akaukagua mhuri.

"Hawajaeleza vizuri," alisema. "Mimi ni mgeni mwalikwa au mgeni rasmi?"

Tofauti naijua. Mgeni mwalikwa hukaa, hunywa soda, hupiga makofi. Mgeni rasmi ndiye anayesubiriwa. Bila yeye shughuli haianzi. Hapo ndipo ningeweza kuukomesha uongo. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika mgongo wa kiti cha mezani, kama mtu anayekaribia kukaa.

"Rasmi, Baba."

Akakaa. "Chumvi iko wapi?" akauliza.

Alikula wali na maharage, akaongeza. Dada aliporudi akakuta sahani tupu, akainama juu ya sinki akafungulia maji ili tusimsikie akilia. Siku tatu zilizofuata nyumba ilinuka pasi. Baba alitaka karatasi zenye mistari, alitaka kujua hao watoto ni wa darasa la ngapi, wazazi wao wanafanya kazi gani. Alikula asubuhi, mchana na jioni. Kila kijiko alichomeza kilinisogeza karibu na Jumamosi. Chuoni tulikuwa tumebishana muhula mzima kama kuna uongo ulio halali. Hakuna aliyetuambia kwamba uongo una tarehe.

Tulifika dakika kumi kabla. Baba alivaa suti nyeusi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha watoto akingoja kupokelewa. Ndani kulikuwa na zulia la rangi, kina mama saba au wanane wameketi chini, na watoto ambao wengi walikuwa bado wanavaa nepi. Viti vilikuwa vya kimo cha goti. Mkutubi alivaa mkononi bata wa kitambaa.

Nilimvuta mkutubi pembeni nikamwambia ukweli wote, haraka.

"Kwa hiyo niligonga mhuri kwenye nini?" alinong'ona.

"Kwamba yeye ni mgeni rasmi."

"Na mtu huyo anafanya nini?"

"Anahutubia."

Akamwangalia Baba, akawaangalia watoto. "Hawa wana dakika nne za kutulia kwa siku nzima," akasema, "na tatu nimeshazitumia. Mlete."

Alimtambulisha vizuri, siwezi kumlaumu. Baba akafungua kurasa zake nne na kuanza kwa Kiingereza chake cha paredi: ndugu mkutubi, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi. Mtoto mmoja akavua kiatu akakitupa. Baba akaendelea kushukuru kwa mwaliko. Mwingine akaanza kulia, mama yake akambeba kwenda nje akiomba radhi kwa mikono. Kisha kitoto cha mbele kikauliza, kwa sauti ya wazi kabisa, bata yuko wapi.

Baba aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akamwona mkutubi akimtabasamia, lile tabasamu ambalo dada huwapa wagonjwa. Akazikunja kurasa akiwa hajamaliza ya kwanza.

"Asanteni kwa kunisikiliza," alisema, akatoka.

Ndani ya gari alikuwa wa kwanza kusema. "Barua uliandika wewe."

"Ndiyo, Baba."

"Nilishtuka nilipoona hakuna meza kuu." Akacheka kidogo, puani. Nami nikacheka, nikadhani tumeokoka.

"Nisamehe. Ulikuwa huli."

"Nilikula kwa sababu nilikuwa na kazi Jumamosi. Jumatatu nina kazi gani?"

"Jumanne kuna wale wazee wa maga..."

Aliinua kiganja, kama anavyonyamazisha darasa. "Usinisomee tena ile karatasi. Nirudisheni Singida."

"Kule nani atakupikia?"

"Nitakula kwa majirani. Kule wananiita. Hata kama ni msiba, wananiita."

"Na ukiugua?"

"Wataitana."

Taa zilikuwa nyekundu. Nikasema jambo ambalo sikuwa nimelisema hata kwa dada. "Sikuwepo kumzika Mama. Sitaki nisiwepo tena."

Taa zikawa kijani, tukavuka makutano mawili.

"Hilo ni lako, mwanangu," alisema hatimaye, kwa upole ambao sikuuzoea. "Usinilishe kwa ajili ya hilo."

Nyumbani alipita jikoni bila kugeuka, akavuta mlango wa chumba chake polepole. Nilipasha wali, nikampelekea. Nilipourudia baada ya saa moja ulikuwa umepoa, kijiko kiko palepale nilipokiweka. Nikapiga simu wodini kwa dada.

"Amehutubia?" aliuliza.

"Kidogo."

"Amekula?"

"Mkatie tiketi."

Nyuma yake nilisikia kengele ya mgonjwa ikiita. "Wewe ndiye uliyekuwa unabisha," alisema. "Una uhakika?"

Nikamwambia sina, lakini akate.