Fundi wa Makasha na Lita Mia Saba za Maji

Bartolomayo wa Ipagala alikuwa na miaka sitini na mitatu, na zaidi ya nusu ya hiyo aliimaliza akiwatengenezea wafanyabiashara wa Majengo makasha ya nafaka. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa mtu wa kusema kwamba kazi yake haina kasoro, na hayo kwake hayakuwa majisifu, yalikuwa taarifa.

Taarifa nyingine aliyopenda kuitoa ni kwamba yuko salama. Mwanawe Daudi, mkulima wa alizeti kule Kongwa, alimpigia simu kila Jumapili. "Baba, presha vipi?" "Salama." "Dawa unakunywa?" "Salama tu, mwanangu." Basi mwezi Machi huyo aliye salama akaanguka karakanani, peke yake, shavu juu ya maranda, akalala pale mpaka jirani alipopita kuulizia stuli yake.

Daudi alifika kesho yake. Alikuwa ameogopa, na hofu ikamfanya aseme kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Funga karakana, twende nyumbani."

"Guu gani limevunjika?" akauliza baba yake, akanyoosha moja, kisha la pili.

Wangevutana hivyo mwaka mzima kama si Mwalimu Ruthu, mwenye shule ya chekechea pale mtaani. Alitaka tangi kubwa la samaki, urefu mita mbili, la plaiwudi, na kioo upande wa mbele. "Watoto wangu wanamjua samaki wa kukaanga tu," alisema. "Wanadhani alizaliwa hivyo, na ndimu juu." Mafundi wawili walikuwa wamemkatalia. Bartolomayo akakubali hapohapo, kisha akampigia Daudi na kumwekea sharti: tangi likijazwa maji likakaa siku saba bila kuvuja, habari ya Kongwa iishe. Likivuja, Daudi aje na pikapu apakie randa, misumeno na mwenye navyo.

Daudi akakubali. Alikuwa na hakika kwamba plaiwudi na maji havikai pamoja, na katika hilo hakuwa mjinga.

Bartolomayo alilijenga tangi kama alivyojua kujenga. Chini aliweka mbao nene, zilizokazwa kwa mataruma matatu yaliyokingama. Kuta alizipigia gundi na skrubu, mbele akapachika kioo, na juu akaacha wazi, kwa sababu kasha huachwa wazi ili debe liingie. Stendi aliiundia miguu sita ya mninga na kuipima kwa pimamaji mpaka kiputo kikatulia katikati. Kisha akalijaribu kwa uwele, kama alivyoyajaribu makasha yote ya maisha yake. Uwele una punje ndogo kuliko mtama na mahindi, na kasha likiuzuia siku tatu, hupewa mwenyewe bila maneno. Aliazima magunia saba, akamimina, akangoja. Haikupenya hata punje moja. Akaondoa uwele, akafagia, akaunga mpira kwenye bomba.

Bomba la mtaa lilitoa maji Jumanne na Ijumaa tu. Ijumaa ile tangi lilikunywa asubuhi nzima. Lilipokaribia kujaa, ukuta wa nyuma ukaanza kutoa tumbo. Bartolomayo aliuona, akauwekea mikono miwili. Ukuta haukumsikiliza. Ulilia mara moja, ukafunguka kutoka juu hadi chini, na maji yakatoka karakanani kwenda njiani.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini hawakuwahi kuishi Ipagala siku ya mgao. Majirani walikuja na mabeseni, masufuria na vikombe, wakazoa kila dimbwi. Shamila, mama wa nyumba ya pili, alizoa ndoo tatu, na kila ndoo aliisindikiza na neno.

"Mzee, lita mia saba unazimwaga chini sisi tukiona! Hata kijiko cha maji hupati tena kwenye tangi langu!"

Bartolomayo alikaa juu ya stendi, suruali imemganda miguuni. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Nafaka hulala; ukiimimina, inategemeana yenyewe kwa yenyewe na kutulia sakafuni. Maji hayalali. Yanasukuma kila upande, mchana na usiku, na yanasukuma zaidi kule chini. Mtoto wa mashamba ya mpunga ya Kilosa angelijua hilo. Yeye aliyezaliwa panapongojewa mvua miezi saba alilijua siku ile, akiwa na miaka sitini na mitatu.

"Daudi nimwambie aje?" akauliza Shamila, sasa kwa huruma kidogo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema Bartolomayo. "Siku saba hazijaanza. Lile lilikuwa kasha. Tangi nalijenga kesho."

Na kweli alilijenga. Safari hii alilifunga juu kwa fremu ya mbao pande zote nne, na taruma moja katikati ili kuta zishikane. Ukuta wa nyuma aliupigia mbavu tano. Ndani alitandika kitambaa cha faibaglasi, akakipaka resini mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, na kioo akakigandisha kwa silikoni kutokea ndani, ili maji yenyewe yakisukume kwenye fremu. Miguu ya stendi aliiongeza ikawa kumi, maana sasa alijua kwamba itabeba uzito wa madume mawili ya ng'ombe.

Ikabaki shida ya maji. Hakuthubutu tena kugusa bomba. Akaenda nyumba kwa nyumba kuomba maji ya kusuuzia nguo, yale ambayo kila mama huyaweka kwa ajili ya kudekia na choo. Alibeba ndoo mbilimbili, akipumzika kila kona kama daktari alivyomwamuru. Ilimchukua siku tisa. Tangi likajaa maji ya kijivu yenye povu, na Shamila akasema samaki watakaoingia humo watatoka wamefuliwa.

Bartolomayo alinyunyiza unga mweupe juu ya stendi, kuzunguka tangi lote, ili tone lolote lijiandike. Siku ya kwanza unga ulikuwa mkavu. Ya tatu, mkavu. Ya sita, mkavu, naye akaanza kupiga mluzi.

Asubuhi ya saba, kwenye pembe ya nyuma, kulikuwa na doa lenye ukubwa wa sarafu.

"Ufute unga, nyunyiza mwingine," Shamila alinong'ona. "Daudi akifika saa sita hataona kitu."

Bartolomayo alichukua brashi. Siwezi kusema hakuichukua. Aliiwazia Kongwa, kiti cha barazani na siku zisizo na randa, na brashi ikagusa unga. Kisha akawawazia watoto wa Mwalimu Ruthu wamebandika pua zao kwenye kioo kile. Akairudisha mahali pake.

Pikapu ilipofika, na kamba na turubai nyuma, Bartolomayo hakungoja hata Daudi azime injini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Linavuja."

Daudi alishuka, akaliona doa, akalizunguka tangi taratibu akipapasa kila pembe.

"Ni hapo tu?"

"Hapo tu. Sikupiga msasa kabla ya mkono wa tatu wa resini. Niliharakisha."

Daudi alikung'uta unga vidoleni. Alikuwa amejiandaa kubishana njia nzima, na sasa hakuwa na wa kubishana naye.

"Na presha?" akauliza.

Bartolomayo alifungua kinywa kusema neno lake, akakifunga.

"Jana ilikuwa mia sitini na tano. Dawa nilisahau Jumatano na Alhamisi wiki iliyopita. Nilizunguka sana na ndoo."

Kwa miaka yote ya simu za Jumapili, hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo Daudi aliliamini. Aligeuka akaitazama pikapu, akajifuta uso kwa kiganja.

"Kurekebisha hiyo pembe, siku ngapi?"

"Tatu za kukausha. Mbili za kupaka."

"Kisha saba upya. Na kila Jumapili uniambie kama ulivyoniambia sasa hivi. Ukinificha, napakia."

"Sitaficha."

"Haya. Maji haya tunayamwaga wapi?"

"Hayamwagwi," akadakia Shamila kutoka mlangoni. "Mimi nina choo."

Daudi alivua shati, akaomba ndoo, akaanza kuchota.