Meno ya Pasta Yaliyopokelewa Luzira

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya vifurushi, tawi la Mengo, Meneja wa Usambazaji alinikabidhi kiti kibovu, simu ya mezani na mafunzo yote ya kazi.

"Mteja akiuliza mzigo wake uko wapi, mwambie uko njiani."

"Njia ipi, bosi?"

"Wewe umeajiriwa kujibu au kuuliza?"

Nikajibu hivyo mpaka nikaota mvi. Kisha ukaja mtambo, tukaanza kuskani, yaani kumulika vile vistari vya kwenye kifurushi ili mteja aone kwenye simu yake kimefika wapi. Wateja walifurahi wiki moja tu, halafu wakarudi kunigombeza mimi.

Sikuulaumu mtambo peke yake. Nyumba nyingi Kampala hazina namba, basi anwani tuliziandika kama watu wanavyoelekezana. Ya Pasta Bahati, Mkongomani wa Kisugu, ilisema: geti la bluu, mkabala na Mama Nakato muuza rolex, zile chapati zinazoviringishiwa mayai. Pasta alikuwa akisubiri meno ya bandia. Mkwe wake mtarajiwa, Mkenya fundi wa meno huko Nairobi, ndiye aliyemtengenezea, na Jumamosi Pasta mwenyewe ndiye angemfungisha ndoa na binti yake. Ijumaa asubuhi aliingia ofisini amefunika mdomo kwa leso.

"Mutoto wangu anaolewa kesho. Simu inasema nimepokea. Nimepokea na mukono gani?"

Nikatazama mtambo: kimepokelewa, Luzira, mtaa mwingine kabisa. Nikampigia mwendesha boda. Kumbe Mama Nakato alikuwa amehamishia kibanda chake Luzira. Kijana wa boda, mgeni wa njia zile, alimuulizia yeye badala ya Kisugu, akaelekezwa kwake, akaona geti la bluu ng'ambo ya barabara, akagonga.

"Mimi napigia Pasta simu, yeye nakata tu," alijitetea.

Pasta akatazama sakafu. Bila meno, alikuwa akiona haya kuongea kwenye simu.

Meneja alitaka tufungue malalamiko rasmi, yajibiwe wiki ijayo. Nilipandwa na hasira, nikachukua koti langu, mimi na Pasta tukabanana kwenye boda moja hadi Luzira.

Nyuma ya geti tulimkuta Salongo, mzee wa Kiganda mwenye heshima zake, ameketi barazani anatafuna hindi la kuchoma kwa raha zote. Kisanduku chenye jina la Pasta kilikuwa wazi miguuni pake.

"Hiyo meno ni yangu, mzee," Pasta alisema.

Salongo akaacha kutafuna. "Banange! Mimi nadhani mutoto yangu ya Nairobi ametuma. Miaka mingi naomba yeye meno." Akalitazama hindi, lilikuwa limebaki nusu. "Ssebo, mimi namaliza mahindi hii kwanza?"

Nilifungua mdomo nimkatalie. Pasta akavuta kigoda, akaketi.

"Maliza, mzee. Pole pole."

Tukangoja mpaka punje ya mwisho. Kisha Pasta aliyasugua meno kwa sabuni na chumvi hadi nikahofia yataisha.

Kesho yake alihubiri vizuri, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nilikuwa nikiyaangalia meno tu. Salongo alialikwa pia, akala wali laini na mchuzi, na bwana harusi akaahidi kumpima kinywa kabla ya kurudi Nairobi.

Meno yake yalipokuwa tayari, nilikuwa nimeshastaafu. Ninyi vijana huniuliza njia ya uhakika ya kutuma kitu cha thamani, mkidhani mtu aliyezeekea ofisi ya vifurushi ana siri fulani. Pasta naye alinipigia, akaniomba niyafuatilie meno ya Salongo kwenye mtambo. Nikakataa katakata. Nilipanda basi hadi Nairobi, nikayaleta mwenyewe mfukoni mwa shati.