Wanawake Walioosha Wafu wa Keshero

Siku moja kabla ya vita kuingia mjini, nilikuwa nachomelea mlango wa chuma mbele ya nyumba yetu ya Ndosho. Mumbere, mwanangu wa kwanza, alinishikia bawaba. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, kwa hiyo tulichomelea ulipokuwepo na kupiga tupa ulipokwenda. Mke wangu alitoka ndani amejifunga kitenge cha kazi, ndoo mkononi na kipande cha sabuni ndani yake. Nilijua anakoenda. Katika kambi ya waliokimbia vita, nyuma ya mtaa wetu, mama mmoja wa Masisi alikuwa amefariki, na hakuwa na ndugu wa kumuosha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yake katika parokia. Wengine waliimba kwaya, wengine walifagia kanisa, yeye aliosha wafu wasio na watu. Aliianza Mumbere akiwa bado mdogo, na baadaye akawafundisha wanawake wa mashirika mengine, yaani zile jumuiya za majirani wanaosali pamoja, hadi Keshero. Mimi sikuwahi kuona wanachofanya. Wanawake hutandaza shuka mlangoni na kuosha ndani. Sisi wanaume huenda kuandaa kaburi. Goma kaburi halichimbwi, linavunjwa. Chini ya kucha moja ya udongo kuna mwamba wa volkano, na mwamba huo unataka baramini, yaani mtaimbo, nyundo na mabega ya watu wengi.

Mtaani huduma hiyo haikutuletea heshima. Kuna wanawake waliokuwa hawapokei chakula mikononi mwake. Wengine walitania, na siku hiyo ilikuwa zamu ya Papa Kasereka, jirani yetu anayetengeneza pikipiki.

"Mama Mumbere, usiniangalie vile! Uko nanipima sanduku?"

"Wewe uko mufupi, Papa Kasereka. Hautatupotezea mbao."

Mumbere alicheka hadi bawaba ikamponyoka. Nilimgombeza. Mama yake alikuwa ameshavuka barabara.

Kesho yake, asubuhi, milio iliyokuwa mbali kwa wiki nyingi ilikuja karibu. Nyumba yetu ni ya mbao juu ya msingi wa mawe. Risasi inapita kwenye ubao kama inavyopita kwenye karatasi, kwa hiyo tulilala chini nyuma ya msingi, mimi, mke wangu, Mumbere na dada yake Masika. Mashine ya kuchomelea tuliiweka upande wa barabara itukinge. Tulisali rozari kwa sauti ndogo. Masika alipopoteza hesabu ya Salamu Maria, tulianza upya.

Umeme ulikatika moja kwa moja, na pampu za maji zikasimama. Bidoni zetu, yale madumu ya maji, zikakauka. Milio ilipotulia kidogo, watu walianza kuteremka ziwani, upande wa Keshero, kuchota.

Nilisimama niende.

"Papa, na lile goti lako?" Mumbere alisema. "Utafika wakati vita imekwisha. Acha niende na wenzangu."

Mama yake alimfunga bidoni kwa kamba, zikaning'inia mabegani. Alimwambia apite nyuma ya nyumba, asipite barabara kubwa. Akaitikia.

Mabomu yalianza tena kabla hajarudi.

Yalikuwa yanaanguka upande wa ziwa.

Tulihesabu kwa masikio: mlio wa kutoka, ukimya, mlio wa kufika.

Wenzake walirudi mmoja mmoja, bila maji. Wa mwisho alisema walitawanyika karibu na ukuta wa shule, na kwamba Mumbere alikuwa nyuma yake, kisha hakuwa nyuma yake.

Usiku ulipita. Asubuhi mke wangu alivaa kitenge kilekile cha kazi. Tulimwacha Masika kwa mke wa Papa Kasereka tukatoka. Tulitaka kitu kimoja tu: kujua mwanetu alipo, mzima au vinginevyo.

Barabarani palikuwa na nguo za kijeshi zilizovuliwa na kutupwa, na maganda ya risasi yakiteleza chini ya miguu. Wenye silaha walitusimamisha. Hawakuwa walewale wa juzi.

"Munaenda wapi?"

"Kutafuta mutoto," mke wangu alisema.

"Mutoto au muaskari?"

"Mutoto wangu. Mumefungua njia ya hospitali?"

Yule kijana aliyeuliza alimtazama, akaitazama na ndoo. Mke wangu alikuwa ameichukua ndoo bila mimi kugundua. Akatupungia tupite.

Hospitalini waliojeruhiwa walilala hadi uani. Tulizunguka kwa utaratibu: mimi safu za kushoto, yeye za kulia, tunakutana mwisho, kisha tunabadilishana. Hakuwepo. Nyuma ya jengo kulikuwa na mifuko ya maiti. Mtumishi alisema wasiotambuliwa wanapelekwa pamoja katika shimo moja, kwa sababu hakuna nafasi tena na joto halingoji. Mke wangu alifungua mifuko, mmoja baada ya mwingine, na kuifunga vizuri. Mimi niliweza michache tu. Hakuwepo huko pia.

Siku zilizofuata tulirudi, na kurudi tena. Lori la kubeba wafu lilikuwa linaondoka na kuja. Kila lilipoondoka nilijiuliza kama yumo.

Tulifika Keshero njia ilipofunguka. Ukutani pa ile shule palikuwa na tundu la kupitisha meza. Mama mmoja aliyekuwa akifagia vioo alituelekeza kwenye kapela ndogo iliyo karibu. Alisema wanawake wa pale waliokota watu.

Nyuma ya kapela kulikuwa na makaburi mapya, mawe meusi yamepangwa kwa mistari, kila moja na msalaba wa mbao za kasha. Hayakuwa na majina. Mwanamke mwembamba alitoka, akamwona mke wangu, akaweka mikono kichwani.

"Mama Mumbere! Ni mimi, Mama Furaha. Ulitufundisha hapa, ulikuwa na ule mutoto mudogo mugongoni."

Wakakumbatiana. Mke wangu aliuliza habari za nyumbani kwake, kama inavyotakiwa. Mama Furaha aliona ndoo, akaelewa kwamba hatukuja kusalimia.

"Munatafuta."

"Tunatafuta."

"Basi keti. Nitasema vile ulitufundisha."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya mke wangu. Hawakuandika chochote, siku zile karatasi yenye habari za wafu ingeweza kumtia mtu matatani. Mwanamke aliyemuosha mfu asiyejulikana humsoma mwili wote kwa macho na kwa vidole, na anaukumbuka, ili atakapokuja mwenye mtu aambiwe. Tena kwa kila mfu kama huyo mmoja wao huketi kichwani na kulia, awe mama yake, kwa sababu mke wangu aliwaambia kwamba hakuna mutu wa kuzikwa bila mama.

Mama Furaha alifumba macho. Alianza na kaburi la mwisho wa mstari: mzee, meno ya juu hayapo, mshono wa zamani tumboni. Msichana, masikio yametobolewa mara mbili. Mwanamume mnene, alama ya kuzaliwa shingoni. Mke wangu alitikisa kichwa kila mara. Nilianza kupumua.

"Huyu nilimuosha mimi, na mimi nilikuwa mama yake. Kijana murefu. Mikono iko na vidoti vidoti vya moto, kama mutu wa kusude."

Kusude ndiyo kuchomelea.

"Ndosho kuna wachomeleaji wengi," nilisema haraka.

"Muguu wa kuume," aliendelea, "kidole kidogo kimepanda juu ya..."

Alifungua macho na kutazama chini. Nilikuwa nimevaa kandambili. Aliutazama mguu wangu wa kuume, na mke wangu pia aliutazama, na mimi nikautazama.

Hakumaliza sentensi.

Mke wangu aliuliza, "Ulimulilia?"

"Nilimulilia."

"Muda murefu?"

"Hadi wanaume walimaliza kuvunja mawe. Na mabomu yalikuwa yanapita. Hatukumuacha."

"Maji mulipata wapi?"

"Alikuwa na bidoni moja haikutoboka. Tulimuosha na maji yake."

Mke wangu alishika mikono ya Mama Furaha, akaigeuza, akaitazama viganja. Kisha alienda kwenye kaburi akaketi upande wa kichwa. Ndipo alipolia.

Jumapili ya kwanza misa iliporudi, katekista wetu alisema mbele ya watu kwamba Mungu amelipa huduma ya Mama Mumbere, kwa kuwa mwanawe hakutupwa shimoni. Tukiwa njiani mke wangu alisema hakupenda neno lile.

"Mama Furaha hakujua ni wangu. Angejua, ingekuwa malipo. Alimuosha sababu alikuwa hana mutu."

"Na hiyo unaiita nini?"

"Baraka."

Nilimwambia kwamba kama ningeulizwa nichague kati ya baraka hiyo na mtoto, ningemchukua mtoto.

"Na mimi," alisema. "Hatukuulizwa."

Tumelipima jambo hili mara nyingi, kila mmoja kwa namna yake. Huduma ya mke wangu haikuzuia bomu. Haikumrudisha Mumbere kwenye mlango ule, ambao niliumaliza peke yangu na haukukaa sawa. Ilitupa mahali pa kwenda. Masika hajui kuogopa kila lori, kwa sababu anajua kaka yake aliko. Naye sasa anakwenda na mama yake kuosha, hakuna aliyemlazimisha.

Mama Furaha alitufundisha wale wafu wengine wa mstari wake, na mimi niliwashika kichwani, kwa kuwa watu hupita kwenye karakana yangu wakiuliza. Alikuja mzee mmoja kutoka Masisi, fimbo ya wafugaji mkononi. Nilimpa kiti, nikafumba macho, nikawasema wote, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, bila kuruka. Nilipofungua macho alikuwa bado anasubiri.

"Wangu hayuko?"

"Hayuko, muzee."

Aliuliza kama wa kwetu alipatikana, nikamwambia alipatikana, akaoshwa, ana kaburi.

"Mulibarikiwa," alisema.

Sikubishana naye. Nilimshika mkono kuvuka barabara, na akaendelea kuelekea mtaa wa Murara, kuuliza huko.