Swichi ya Nyumba ya Uani

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana yetu hapa Morogoro hakunipa hata bisibisi. Alinisimamisha kati ya ofisi na stoo, akauliza, "Stoo ikishika moto, umeme utaukatia wapi?"

"Ofisini, mzee. Ndiko unakotokea."

"Na ofisi ikiwa imefungwa? Utaubembeleza?" Mafundi wakacheka. Akanionyesha swichi kuu kwenye ukuta wa stoo, pale waya unapoingilia. "Kila jengo na swichi yake, mahali ambapo mtu yeyote anafika. Usisahau."

Sikusahau. Ndiyo maana siwezi kujitetea.

Nilihudumia pampu za mashamba ya mpunga Dakawa kwa miaka mingi, kisha nikarudi mjini nikajiajiri. Mwenye nyumba mmoja wa Bigwa aliniita nivute umeme kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya wapangaji uani. Nilimwambia vyumba vile vinahitaji swichi yao.

"Wee fundi! Wapangaji waishike swichi? Watapikia umeme mpaka nyaya ziyeyuke! Iweke chumbani kwangu. Mtu akinisumbua, namzimia."

Wenye nyumba wengi walitaka hivyo. Nikaiweka chumbani kwake.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya mvua, waya wa uani ulikuwa umechubuliwa na ukingo wa bati. Paa zima likawa na umeme. Mpangaji mmoja, Mwanaidi, akashika waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye paa hilo. Mumewe, Rajabu, alikimbilia nyumba kubwa. Kufuli mlangoni, mwenye nyumba yuko shambani. Yeye na majirani walivunja mlango wa nje, wakavunja na wa chumbani. Walipoizima swichi, Mwanaidi alikuwa ameshakata roho.

Msibani Rajabu alinijia. Alinijua kwa ufundi tu. Alihamia pale baada ya kazi yangu, hakujua kwamba aliyeifunga ni mimi.

"Shikamoo, fundi. Hivi nani aliamua swichi yetu ikae kule ndani?"

"Marahaba. Mwenye nyumba," nikajibu, nikageukia waombolezaji wengine.

Sasa nimestaafu, magoti hayapandi ngazi. Vijana mnaojifunza kazi hii, mkiambiwa swichi ya uani iwe chumbani kwa mtu, kusanyeni vifaa vyenu muondoke.

Kabla ya kuwapa ninyi karatasi hizi nilizoandikia haya, nilizipeleka kwa Rajabu, dukani kwake Msamvu. Alisoma taratibu, akazikunja, akanirudishia.

"Siku ile ya kuvuta umeme, ulikuwa na swichi ya pili kwenye begi, ya kufunga uani?"

Nilikuwa nayo.