Masizi Katika Kisima cha Mjambere

Nilipokuwa na miaka minane, niliishi siku kumi na moja nikiamini kwamba nimekiua kisima chetu. Nasema kumi na moja kwa sababu nilizihesabu wakati ule, na nimezihesabu tena mara nyingi tangu hapo. Ilikuwa Mjambere, miaka michache kabla ya uhuru, mwishoni mwa kaskazi, jua limeshachoma majani yote na masika bado hayajafika.

Kisima kilikuwa bondeni, chini ya mikuyu miwili. Hakikuchimbwa na mtu. Maji yalitoka yenyewe ubavuni mwa kilima, yakajaa katika shimo lililozungushiwa mawe, na yaliyozidi yakateremka kwenye mashamba ya mpunga. Nyumba zote za upande wetu zilinywa hapo. Na kisima kilikuwa na mwenyewe. Hatukumpa jina lingine. Tulisema Mwenyewe tu, kwa sauti ya chini. Mwenyewe hakupenda sabuni, hakupenda viatu, hakupenda mti kukatwa karibu yake, na zaidi ya yote hakupenda masizi. Maji yalichotwa kwa kata safi ya kifuu, yakamiminwa mtungini. Chombo kilichokaa motoni hakikugusa maji yale.

Maalim wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba maji ni ya Mwenyezi Mungu na hayana mwenyewe mwingine. Lakini nilimwona kwa macho yangu akivua viatu alipofika chini ya mikuyu, kwa hiyo sikujua nishike lipi. Nikashika yote mawili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa na mtoto mchanga, hajatoka arubaini, na kazi ya maji ilikuwa yangu. Nilibeba mtungi kichwani na sufuria la uji mkononi, nikalisugue kwa mchanga kule chini, ambako maji yameshapita. Kufika kisimani nikaona kata nimeisahau nyumbani. Kuirudia ni kuchelewa chuoni, na kuchelewa chuoni ni bakora. Nilitazama huku na huku. Nikachovya sufuria.

Masizi yakatanda juu ya maji kama mafuta. Nilimimina mtungini, nikachovya mara ya pili, na hapo nikaona kipande cheusi kinaelea ndani ya sufuria. Nikayamwaga maji palepale nilipoyatoa, nikakimbia.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua.

Sikuwa nakisia. Katikati ya kisima palikuwa na jiwe ambalo kichwa chake, siku zote, kilikuwa sawasawa na uso wa maji. Asubuhi ile kilikuwa juu kwa upana wa kidole kimoja. Siku iliyofuata, vidole viwili. Nilipima kila siku nikiwa nimechutama, nikijifanya nasuuza kata. Siku ya sita ilikuwa shubiri nzima, na wanawake walianza kupanga mitungi kwa foleni wakingoja maji yakusanyike. Huenda jiwe lilikuwa limeanza kujitokeza kabla ya Jumatatu ile. Hilo sitalijua kamwe, maana sikuwa nimewahi kulipima.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa kisima. Nyanya yangu, mama mzaa baba, aliwahi kunieleza huku akichambua mchicha kwamba anayemkosea Mwenyewe akaficha, maji humtoka nyumbani mwake kwanza. "Na maji ni mengi," alisema. "Hata maziwa ya mzazi ni maji." Alisema hivyo kama anavyosema bei ya samaki, wala hakuinua uso. Sasa siku ya tisa ndugu yangu mchanga alilia kutoka adhuhuri hadi alasiri. Mama alimhamisha titi hili na lile, akasema, "Sijui leo ana nini huyu." Mimi nilijua ana nini. Watoto wachanga hulia, sasa naelewa. Lakini hata leo nikisikia mtoto analia mchana kutwa, namuuliza mama yake kama ana maziwa.

Nyanya aliona kwamba sili. Akaniita.

"Abee, nyanya."

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Haya. Kama una la kusema, lipeleke kisimani. Mimi si kisima."

Alikuwa na maana ya siku ya kufukua. Kila mwaka kabla ya masika kila nyumba ilitoa mtu, wakateremka bondeni kuzoa tope na mchanga ulioingia kisimani. Aliyeamrisha siku hiyo alikuwa Bi Riziki, mtunza kisima, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyerithi kazi hiyo kwa shangazi yake. Kabla jembe halijagusa maji, aliyevunja mwiko wowote mwaka ule alisimama akasema. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aseme lake. Kumsema mwenzio kulikatazwa kabisa. Aliyekwisha kusema hakulaumiwa tena. Alipewa tu sehemu yenye tope zaidi afukue.

Mwaka ule sharti hilo lilikuwa limewafunga watu wote midomo. Ami Saidi, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mchoma chokaa. Msikiti wetu ulitakiwa kupakwa kabla ya Ramadhani, na yeye alijitolea chokaa yote. Tanuu la chokaa hula kuni nyingi. Tangu mvua za vuli alikuwa akikata kichaka cha juu, kile kilichosimama mwinukoni, moja kwa moja juu ya kisima. Moshi wake kila mtu aliuona. Lakini nani atamwambia mtu asikate kuni za msikiti? Ukuta wa mbele ulikuwa umeshang'aa kama yai. Mimi mambo hayo sikuyaunganisha. Nilikuwa na sufuria langu.

Bi Riziki aliitisha kufukua mapema, siku ya Ijumaa, asubuhi. Tulisimama peku chini ya mikuyu, na majembe, na mapakacha ya kuzolea tope. Maalim alisoma dua. Kisha Bi Riziki akauliza, "Nani ana lake?"

Mwanamke mmoja akasema mbuzi wake aliingia mara mbili. Mzee mmoja akasema aliosha miguu. Kisha nikawaona watu wazima wengine wakitazama vidole vya miguu yao. Nilidhani wananingoja mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekikausha."

Watu wakageuka. Bi Riziki akaja mpaka mbele yangu. "Umekikausha na nini, mwanangu?"

"Sufuria."

"La nini?"

"La uji. Lina masizi."

"Ulichovya mara ngapi?"

"Mara moja na nusu."

"Na nusu?"

"Ya pili niliyarudisha."

Kicheko kilianza nyuma, kikaenea, hata Maalim akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Bi Riziki peke yake hakucheka. Mimi nilikuwa nalia, nikasema nataka adhabu yangu sasa hivi, kabla mama hajakaukiwa. Hapo kicheko kikakatika.

Ami Saidi alikuwa ameegemea jembe. Alinitazama, akalitazama jiwe katikati ya kisima, likiwa wazi mpaka kiunoni.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Wallahi, kama masizi ya sufuria moja yanakausha kisima, mimi je? Mimi nimekata kichaka cha juu. Chote, kimebaki kivuli cha upana wa shuka moja tu. Nilijiambia ni kwa ajili ya msikiti."

Nilimwona nyanya akifumba macho. Alikuwa mwanawe, na alikuwa amenyamaza tangu vuli.

"Na tanuu la mwisho?" Bi Riziki akauliza. "Ukuta wa nyuma bado."

Aliyejibu ni Maalim. "Ukuta wa nyuma utangoja. Chokaa ya kutunyima maji ya kutawadha, ya nini?"

Tulifukua mpaka adhuhuri. Nilipewa pangu, mdomoni kabisa ambapo maji hutokea, nikaingia hadi magotini. Tope letu lilikuwa jeusi siku zote. Safari hii, juu ya lile jeusi palikuwa na tabaka nene la mchanga mwekundu, mwekundu kama ule wa mwinukoni, na ndio ulioziba. Nilimwonyesha Ami Saidi. Akauchukua kiganjani, akautia pakachani.

Maji hayakurudi siku ile. Yalipanda vidole vitatu. Mengine yalikuja na masika. Kwa hiyo siwezi kuapa ni nini hasa kilichoyarudisha. Ami Saidi alizungushia mwinuko ule miiba na kupanda miche, na kila nyumba ikapewa zamu ya kuimwagilia. Mama hakukaukiwa. Ukuta wa nyuma wa msikiti ulibaki kijivu mpaka mwaka wa uhuru, ulipopakwa kwa chokaa ya dukani, na katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu akiuonea haya.

Chuo kikuu nilifundishwa jinsi mteremko uliovuliwa miti unavyoteremsha udongo. Niliandika yote, kwa mwandiko safi. Kilichokosekana katika maelezo yale ni mahali pa mtu kusimama na kusema ni mimi. Sisi tulikuwa napo, chini ya mikuyu miwili, na nadhani hapo ndipo Mwenyewe alipokuwa akipalinda.

Likizo iliyopita niliteremka bondeni na kata mkononi. Kichwa cha jiwe kilikuwa sawasawa na maji; nililipima, bila shaka. Juu, kwenye kichaka, Ami Saidi alikuwa akipogoa matawi makavu. Aliponiona, akapaza sauti bonde zima lisikie:

"Nusu! Sufuria umeacha nyumbani?"