Shemeji Adolphe na Kofia ya Marehemu

Shemeji yangu Adolphe ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Bunia. Milango mingi ya mtaa wetu, ile yenye maua ya chuma, ni kazi ya mikono yake. Tangu amwoe dada yangu Martine alivaa kaptula yenye matundu ya cheche na kofia ya bure iliyogawiwa wakati wa kampeni, na hakuna aliyelalamika. Alikuwa mtu wa maana. Ningependa angebaki hivyo.

Kilichomharibu ni robota moja la mitumba. Muuzaji alilifungua sokoni akitarajia majaketi, akakuta limejaa kofia za Wazungu waliokwisha kufa: feutre za sufi nzito, za kijivu na za kahawia, zenye utepe wa hariri na harufu ya sanduku. Wanunuzi walicheka wakaenda zao. Adolphe alikuwa amekwenda kununua bawaba. Alijaribu kofia moja, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyosimama karibu, na bawaba zikasahaulika.

Baada ya feutre zikaja bretele, ile mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali. Baada ya bretele, suruali ya kufungwa juu ya kitovu, kizibao, viatu vya rangi mbili ambavyo matope ya Bunia yalivifanya rangi moja kabla ya Jumapili, na kiko. Havuti tumbaku, kiko kilikaa mdomoni kitupu kama chuchu ya mtoto. Akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, akikagua mifereji ya watu. Waendesha pikipiki wakamwita Papa Koloni, naye, badala ya kukasirika, akawapungia mkono.

"Zamani batu balikuwa batu," aliniambia siku moja. "Leo munavaa sawa batu banakimbia nyumba inaungua."

"Weye ulizaliwa mwaka gani, shemeji?" nikamuuliza.

Alizaliwa Wabelgiji wakiwa wameondoka kitambo, na hizo zamani anazozililia, babu yake alizipitisha akibeba mizigo ya watu kichwani, pasipo kofia. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, eti mimi ndiye sijui historia.

Tungeendelea kucheka tu, kama Jemima asingechumbiwa. Jemima ni binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, na nimemlea kama wangu. Alimpenda Rodrigue, kijana mpole wa Kasenyi anayeleta samaki wa chumvi Bunia, ambaye baba yake alikwisha kufa. Alimpenda mpaka unamwonea huruma. Sasa, kwetu mahari haiendi bila zawadi ya baba wa binti: koti, fimbo na kofia. Mnaona tunakoelekea.

Siku ya mkutano, Willy, baba mdogo wa Rodrigue, alileta mbuzi, vitenge na kofia mpya kabisa, bado ina karatasi ndani. Adolphe aliipindua, akainusa, akairudisha mezani kwa vidole viwili.

"Hii ni ya Chine. Mimi sivae kitu ya Chine. Mulete kofia ya kweli, ya zamani. Bila ile, mutoto hatoke hapa."

Tulidhani anatania. Mbuzi wakarudi Kasenyi. Wakwe walitafuta mpaka Komanda na Mahagi-Port, wakavuka ziwa mpaka Uganda, wakaleta kofia ya mlinzi wa benki, kofia ya mchunga ng'ombe wa sinema, hata kofia ya mwanamke yenye ua. Zote alizikataa. Jemima alikonda. Dada yangu alitishia kuwashia moto wa maharagwe kwa zile feutre zote. Mimi nilimchukia, nasema wazi: nilimchukia mtu mzima anayemfungia mtoto wake mlango kwa ajili ya kofia.

Mwishowe Willy alikuja na mama wa Rodrigue mwenyewe, Mama Kahindo, mjane wa maneno machache.

"Papa, kofia ya namna ile iko moja tu kwetu," Willy akasema, amechoka. "Ya marehemu Antoine, baba ya Rodrigue. Iko kwa musumari tangu alikufa. Lakini ile hatuvaaka."

"Iko feutre?" Adolphe akauliza, macho yamewaka.

"Iko feutre, lakini sikia kwanza..."

"Sisikie kitu. Muilete."

Willy alitaka kuendelea. Mama Kahindo akamgusa goti. "Papa anasema tuilete. Tutaileta."

Niliuona uso wake. Ningekuwa Adolphe, ningeuliza swali.

Kofia ililetwa Jumamosi iliyofuata, imefungwa ndani ya kitenge, na wale mbuzi nyuma yake. Ilikuwa nzuri, nakubali: nyeusi, ukingo mpana, ngozi ya ndani imelainishwa na jasho la mtu. Ua ulijaa watu wa pande mbili, na majirani waliokuja kushiba. Adolphe akavua yake, akaivaa ile mbele ya wote, akaiinamisha kidogo juu ya jicho. Ilimkaa.

Wakwe wote wakasimama. Wanawake wao wakapiga vigelegele, na wadogo zake Rodrigue wakaja mmoja mmoja kumshika mkono, wakimwita papa.

"Kuko nini?" Adolphe akauliza.

Willy alimweleza bila kumtazama. Katika ukoo wao, kofia ya marehemu huwa inangoja. Mwanamume anayeivaa kwa hiari yake mbele ya ukoo amechukua nafasi ya marehemu: watoto, masomo yao, nyumba inayovuja. Ndugu wote walikuwa wameikwepa tangu mazishi. Willy mwenyewe alikuwa akiupita ule msumari mbali.

Dada yangu aliruka. "Na bibi ya marehemu je? Naye anamuchukua?"

"Hapana, mama Jemima, utulie. Bwana sitaki, nilishachoka nabo. Ni batoto njo banataka baba." Kisha Mama Kahindo akamgeukia Adolphe kwa upole wa kutisha. "Sasa, papa, baba ya Rodrigue atamuomba Rodrigue dot, ile mahari, namna gani?"

"Na nikiivua?"

"Unaweza kuivua. Ni kutupa batoto mbele ya batu. Batu ba zamani habakufanyaka vile."

Adolphe akafungua mdomo, kiko kikaanguka. Kofia haikuvuliwa. Mbuzi wakarudi Kasenyi tena, na Jemima alicheka mpaka akashika ukuta, kwa kuwa sasa hakuna wa kumzuia. Adolphe naye, lazima niseme, alikwenda Kasenyi akatengeneza lile paa.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria. Hamu yake kubwa ilikuwa kuingia kanisani polepole, amevaa kila kitu, Jemima akimshika mkono. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakasema baba wa bwana arusi hamleti bibi arusi, anamngoja ndani. Akabisha, akabembeleza, mwisho akakubali.

Jemima aliingia na mama yake. Adolphe alikuwa kwenye benchi la wakwe, kati ya Willy na Mama Kahindo, kofia magotini. Jemima alipomfikia akasimama, akapiga magoti na gauni lake lote, kama bibi arusi anavyomsalimia baba mkwe kwa mara ya kwanza.

"Jambo yenu, papa mukwe," akasema. "Mutanipokea?"

Kanisa zima likacheka. Adolphe akainuka. Akampa mkono kumwinua, na hakumwachia mpaka padri akakohoa.