Kilio cha Kuigiza

Kezia alizaa watoto watano na hakulia kwa hata mmoja wao. Lakini wauguzi wa Kibondo walimjua kwa kilio.

Kilio hicho kilikuwa kazi. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umekialika kikundi cha maigizo cha Kezia na wenzake kiwafundishe wauguzi namna ya kuwapokea wajawazito, na badala ya mihadhara wao walileta mchezo. Wauguzi walikaa kwenye mabenchi. Kezia aliingia akiwa mama mwenye uchungu, na muuguzi mmoja akainuka kumpokea kana kwamba yuko zamu. Akimkaripia au akimpa mgongo, kiongozi wa kikundi, Bazilio, mwalimu mstaafu, alipiga kofi moja, kiganja kwa kiganja. Mchezo ukasimama, muuguzi mwingine akachukua nafasi. Waliendelea hivyo mpaka yule mama apokelewe kama mtu.

Siku ya kwanza ya mazoezi Kezia aliuigiza uchungu kama alivyoujua. Aliegemea ukuta, akafumba macho, akang'ata pindo la kitenge. Vidole vya miguu vikajikunja. Basi.

"Mama Divine," Bazilio akamwita, "unasubiri basi la Kasulu?"

"Naumwa uchungu, mwalimu."

"Benchi la nyuma watajuaje? Piga kelele, mama. Uwatoe usingizini."

Wenzake walicheka. Kezia alibaki ameegemea ukuta. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita; yeye alizaliwa upande huu, akapata uraia akiwa tayari ana watoto. Vingi ambavyo mama yake alivuka navyo vilichakaa njiani, ila hili halikuchakaa: mwanamke aliyeshikwa na uchungu halii. Majirani zao Waha walilelewa hivyo hivyo. Aliyelia, wenzake walimtania kisimani mpaka mtoto akaota meno.

"Kwetu mtu halii hivyo, mwalimu."

"Kwenu ni nyumbani. Hapa ni mchezo."

Akajifunza. Alijifunzia shambani, katikati ya mihogo, asikiwe na kunguru tu. Mara za kwanza sauti ilitoka imepinda kama ya mbuzi, naye akajiziba mdomo kwa aibu. Baada ya wiki mbili kilio kilikuja chenyewe: kikaanza chini tumboni, kikapanda, kikapasukia kooni.

Walipokwenda kufundisha kwenye kituo cha afya cha karibu na kijiji chake, muuguzi mmoja aliangusha kalamu. Mwingine, Zuhra, binti wa mwenye duka mjini Kasulu, alitokwa na machozi kabla hajafika katikati ya chumba. Alipiga magoti, akamshika Kezia mkono. "Pole mama. Niko hapa. Siondoki." Bazilio hakupiga kofi. Mabenchi yote yalishangilia.

Jioni ile Kezia alikaa na binti yake wakipukuchua maharage. Divine alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya kwanza, tumbo limekwisha kushuka.

"Siku yako ikifika, tutakwenda palepale," Kezia alisema. "Kuna sista mmoja, ana moyo."

"Na nikishindwa kuvumilia?"

"Hutashindwa. Ihangane, vumilia tu. Mimi nilivumilia kwako, na ulikuwa na kichwa kama boga."

Divine alicheka. Maneno yote mawili, la sista na la kuvumilia, aliyapokea kama mtoto anavyopokea kwa mama, kwa mikono miwili.

Siku ilifika Jumanne asubuhi. Walikuta kituo kina Zuhra peke yake, mwenzake kaenda semina. Ndani, kwenye leba, walikuwamo wanawake wawili, na mmoja alikuwa akimwita Mungu kwa sauti ya kutikisa bati. Divine akapimwa, akaandikwa, akaambiwa njia bado ndogo, asubiri kwenye benchi la barazani.

Kezia alikaa naye. Saa nne akaona vidole vya miguu vya mwanawe vimejikunja, pindo la kitenge limeingia mdomoni. Akajua. Na ndani ya kujua huko kulikuwa na fahari, ambayo baadaye hakuweza kuisamehe: huyu kweli ni wangu.

Zuhra alipita mbio na beseni. "Unaendeleaje, mdogo wangu?"

"Vizuri, sista." Mtu mwenye adabu angejibu nini kingine?

Zuhra alimtazama usoni. Uso ulikuwa umetulia. "Bado huyu. Mama, mtembeze kidogo."

Kezia alitaka kusema. Neno lilifika mdomoni, likageuka. Sista amesoma, tena sista ni yule mwenye moyo. Akamwinua mwanawe, wakatembea, kutoka barazani mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Walitembea muda mrefu. Divine alikuwa akisimama, anashika bega la mama yake, anaminya, kisha anaendelea. Bega lile lilibaki na alama.

Karibu na saa sita maji yalimwagika miguuni mwake, mazito, ya kijani. Hapo Zuhra alikuja mbio. Akafanya yote aliyofundishwa, na mkono wa Divine hakuuachia ila alipolazimika. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye uzito wake kamili. Hakulia. Zuhra alimpangusa, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi. Hakulia.

Siku ya tatu Zuhra alikuja msibani, bila sare, na kanga kichwani. Wanawake walimpisha kwenye mkeka. Alikaa, akamgeukia Kezia.

"Mama, mimi nilikuwa nasikiliza," alisema. "Mlango niliuacha wazi makusudi. Nilikuwa nasubiri nisikie kile kilio chako."

"Kilio gani?"

"Kile ulichotufundisha."

Kezia aligeuka kuutazama mlango wa chumba. Chumbani Divine alikuwa amelala ameelekea ukutani, maziwa yakimlowesha blauzi, na hata siku ile hapakusikika sauti.

Wiki ya sita Bazilio alikuja kuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kikundi kimtafute mtu mwingine kwa ajili ya mafunzo ya Kasulu. "Nitakuja," Kezia alisema.

Ukumbi wa Kasulu ulijaa. Kezia aliingia na mto tumboni, umefungwa kwa kitenge. Akaegemea ukuta. Akafumba macho.

Bazilio alimkonyeza: sasa. Alikohoa. Kezia alibaki kimya. Muuguzi aliyesimama kumpokea, kijana mchangamfu aitwaye Tharsisi, aliwageukia wenzake. "Mgonjwa wenu kasahau maneno." Wakacheka. "Haya, mama, unaendeleaje?"

"Vizuri."

"Basi bado. Katembee kwanza, mama yangu. Ukizidiwa utaniita."

Kezia akatoka. Alizunguka ua wa jengo mara moja, akazunguka mara ya pili, akisimama penye kila nguzo kwa muda uleule aliosimama Divine. Ndani walidhani ni kichekesho, kisha wakaanza kuongea mambo yao, na mtu akauliza chai italetwa saa ngapi.

Aliporudi, alikifungua kitenge mbele yao, akautoa mto, akauweka mezani mbele ya Tharsisi.

"Amefariki," alisema. "Nilikuwa hapo nje, nimezunguka mara mbili, na hukutoka kuniona."

Hakuna aliyecheka. Tharsisi aliutazama mto, mikono yake haijui iende wapi. "Lakini mama," alisema taratibu, "hukulia."

"Hujanigusa tumbo. Hujanitazama miguu."

Bazilio alipiga kofi, dogo mno. Alikuwa amezika pamoja na kina Kezia, alijua. "Tuanze upya," alisema.

Kezia aliuchukua mto mezani. Pale ukumbini, ndiyo, iliwezekana kuanza upya. Akaufunga tena tumboni, akakaza fundo, akaenda mlangoni. Muuguzi mwingine akainuka kwenye benchi. Kezia akaingia, kimya, vidole vya miguu vimejikunja, akangoja waone.